Mtoto Aliyelala

Idrisa wa mji wa Sefru alianguka kwenye kinu chake cha kukamulia zeituni, akafa kabla ya adhuhuri. Aliacha nyumba, kinu, na mke asiye na mtoto. Mke huyo, Mahjuba, alimnong'oneza mkunga Yamna msibani kwamba damu yake imechelewa. Yamna akampapasa, akasema mimba ipo.

Eda ikaisha, na tumbo halikukua. Allal, mdogo wake marehemu, akaenda kwa kadhi kuomba mirathi igawanywe. Bila mtoto, Mahjuba angepata robo na Allal angechukua yote yaliyobaki. Akizaliwa wa kiume, Allal asingeambulia hata punje ya zeituni.

"Shemeji, huyo mtoto yuko wapi?" Allal akauliza mbele ya kadhi. "Au kapotea njia?"

"Amelala," Mahjuba akajibu. "Msiba umemlaza."

Hakuna aliyecheka. Mjini pale watu walijua kuwa mtoto huweza kusinzia tumboni mwa mama mwenye majonzi, akaamka baada ya miaka. Yamna aliapa kuwa kuna kitu. Kadhi akaamua mali isigawanywe na mjane akae nyumbani, mpaka mtoto azaliwe au miaka mitano itimie. Sheria haikumpa nafasi zaidi ya hapo.

Si muda mrefu damu ya Mahjuba ikarudi. Hakumwambia mtu. Vitambaa alivifua mwenyewe, akavianika ndani, maana ukweli ungemtoa kwenye nyumba ile. Lakini mchana mmoja, akikanda unga, kitu kikageuka chini ya mbavu zake, polepole, kama mtu anayebadili ubavu kitandani. Alisimama pale, mikono imejaa unga. Tangu siku hiyo hakujua tena uongo wake uliishia wapi.

Nyumba nayo ikabadilika. Majirani waliokuja kuomba kaa la moto walisema kwa sauti ya chini. Hata Allal, akija kutazama paa, alivua viatu mlangoni.

"Bado amelala?"

"Bado."

"Basi tusimshtue."

Mwanzoni alisema hivyo kwa kejeli. Baadaye kejeli ikamtoka.

Mwaka wa tano ulipokaribia kwisha, Allal alikuja akakaa uani, akakataa chai.

"Shemeji, mwamshe. Yamna ana dawa."

"Akiamka, nyumba imekutoka. Unajua hilo?"

"Na initoke. Nataka kumwona. Ninamwota. Anakaa kwenye ngazi zile, uso ni wa kaka mtupu, ananiuliza kwa nini nilimdai mali yake akiwa usingizini."

Mahjuba hakuwa akimwota. Alikuwa akimwona, mchana kweupe, kwenye ngazi zilezile, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Kesho yake alikwenda kwa kadhi kwa miguu yake.

"Sheikh, damu yangu ilirudi zamani. Nilificha. Gawa mali."

"Kwa hiyo hakuna mtoto?"

"Nimesema damu ilirudi."

Kadhi akamwita Allal na kumweleza. Allal alikaa chini sakafuni, pale pale barazani, akalia kuliko alivyolia siku ya mazishi. Watu walidhani ni furaha ya kupata nyumba, wakamwona hana haya.

Mahjuba alipewa robo yake. Allal akamsihi abaki na vyumba vya juu, akakataa. Alikuwa na dada huko Fezi.

Siku ya safari Allal alimbebea mzigo mpaka langoni, akamshika mkono apande nyumbu. Alitazama tumbo lake, akatazama pembeni, kisha akamgeukia mwenye nyumbu.

"Kule kwenye mawe," akamwambia, "mpitishe taratibu."