Mkeka wa Dada wa Ulaya

Kila asubuhi, kabla meneja hajarudi kutoka mashambani, nilifuta vumbi la mkonge juu ya taipureta, nikabandika birika la chai, kisha nikafungua dirisha linalotazama zahanati isiyo na paa. Siku hiyo birika halijachemka, mlango ukasukumwa. Mwantumu aliingia tumbo mbele, na nyuma yake wanawake wa kambi ya wafanyakazi wamebeba mkeka mpya kama wanaomsindikiza bibi harusi.

"Tumeleta zawadi ya dada," alisema.

"Dada yupi?"

"Wa meneja. Yule wa Ulaya."

Bonaventura, mhasibu wetu, alijificha nyuma ya gazeti. Mabega yalimtetemeka kwa kicheko.

Nilijua jambo hilo lilikoanzia. Ulikuwa mwaka wa tatu wa Uhuru, na redio ilisema kila siku kwamba bei ya mkonge imepanda dunia nzima. Jumamosi iliyopita wafanyakazi waliuliza kwa nini shamba letu hapa Korogwe halina faida, maana bati za zahanati ziliahidiwa kwa mwaka wa faida. Meneja, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kinatambaa, alijibu: "Mkonge yote nauzia dada. Dada nalipa kidogo."

Alikuwa na maana ya kampuni dada. Hati zake nilizichapa mimi. Wenye kampuni hiyo ni wale wale wenye shamba, ila wameiandikisha katika nchi ndogo ya milimani huko Ulaya, ambako kodi ni kama hakuna. Kwenye karatasi tunaiuzia mkonge kwa bei ya chini, nayo inawauzia wanunuzi wa kweli kwa bei ya soko, na marobota yenyewe yanatoka Tanga moja kwa moja bila kuiona milima hiyo. Faida inabaki kule. Huku inabaki hasara, ambayo haitozwi kodi wala hainunui bati. Sheria haikukataza.

"Tumefikiri hivi," Mwantumu alisema, akijishusha polepole kwenye benchi. "Dada anatupunja kwa sababu hatujui. Akilalia mkeka wa kwetu Sindeni ataona haya, ataongeza bei, na sisi tutapata bati."

"Na kama mumewe ndiye bahili?" Bonaventura aliuliza.

"Wewe nyamaza," alisema Mwanaidi, fundi wa kusuka ukili wa mikeka. "Bahili unamjua kwa kujitazama."

Aliukunjua mkeka sakafuni, wa zambarau na njano, maandishi KARIBU DADA yamesukwa katikati. Ukili mmoja ulikuwa haujashonwa.

"Hapa nimeacha nafasi ya jina. Zamda, wewe ndiye unayemwandikia barua. Anaitwa nani?"

Kabla sijajibu, meneja aliingia, kofia mkononi. Aliusoma mkeka, akatutazama, masikio yakawa mekundu.

"Asante sana. Dada nafurahi," alisema. Kisha, baada ya kunitupia jicho kama anayeomba: "Jina yake Elena."

Mwanaidi alianza kupima herufi kwa vidole. Mimi nilimtazama Mwantumu akijikanda kiuno. Msimu uliopita Mwaija alijifungulia juu ya trekta, njiani kwenda hospitali ya mjini, na mpaka leo kambi nzima inamwita mtoto Trekta. Tulicheka, lakini Mwaija nusura tumzike.

Chuoni nilikosomea uchapaji, nilipoitwa jina niliinua kidole tu, bila kutoa sauti.

"Hakuna Elena," nilisema.

"Sema kwa sauti, mwenzetu," alisema Mwantumu. "Hata birika linakushinda sauti."

"Dada si mtu. Ni kampuni. Nikiiandikia, anwani ni sanduku la posta tu."

Mwanaidi aliondoa vidole kwenye ukili.

"Sasa sanduku la posta linalalia mkeka?"

Walicheka mpaka Mwantumu akashika tumbo kwa mikono miwili. Meneja naye alicheka, halafu akaacha.

"Si wizi, Zamda."

"Najua, Bwana. Hati nilizichapa mimi."

Alivuta kiti, akaketi akizungusha kofia. "Bei ya karatasi, mimi napendekeza kila mzigo," alisema taratibu. "Mzigo unaokuja naweza pandisha. Lakini wakubwa nauliza kwa nini." Akaielekeza taipureta kwa kidevu. "Nini naandika?"

Siku zote yeye alisema, mimi nikachapa. Nilitia karatasi. Wanawake walinisubiri, na Mwanaidi alikuwa bado amepiga magoti kando ya nafasi ya jina. Nikaondoa mikono kwenye herufi, nikamsogezea yeye taipureta, nikasema kwa sauti iliyomfanya Bonaventura ateremshe gazeti:

"Andika kwamba mkonge ni wa hapa, Bwana, na mimi nataka faida yake iezeke zahanati kabla Mwantumu hajajifungua."