Ngazi Nyeupe za Bi Odessa

Kila Jumamosi, saa mbili asubuhi, Lavonne Pettiford alipiga magoti nje akasugua ngazi sita. Tatu zake, tatu za Bi Odessa wa nyumba ya ubavuni. Ndoo ya maji moto, unga wa kusugulia, jiwe lenye matundu, na taulo kuukuu chini ya magoti, maana magoti nayo yalishaanza kulalamika. Ngazi zenyewe ni za marumaru, kama za nyumba zote za mtaa ule wa magharibi ya Baltimore, na zikisuguliwa vizuri unaona haya kuzikanyaga.

Lakini Bi Odessa alikuwa amekufa, na huu ulikuwa mwaka wa nne.

Mama yule ndiye aliyemfundisha Lavonne kusugua, siku alipohamia pale na mtoto mchanga mkononi. "Siku ukiona ngazi zangu zimechafuka," alizoea kusema huku akicheka, "ujue nimekufa. Uje na maua." Alipokufa kweli, Lavonne hakuweza kuziacha zichafuke. Wala hayakuwa mapenzi peke yake. Nyumba ilirithiwa na Clifton, mtoto wa mdogo wake marehemu, anayekaa Atlanta, na Clifton hakurudi hata kuchukua sufuria. Pale mtaani kila mtu anajua nyumba isiyo na mwenyewe inavyoita watu. Watakuja wa kung'oa mabomba ya shaba, watakuja wa kulala, halafu siku moja moto. Nyumba mbili za kule kona zilishazibwa madirisha kwa mbao.

Basi Lavonne akasugua. Akaokota makaratasi ya matangazo mlangoni. Kwa ufunguo aliokuwa ameachiwa na marehemu aliingia mara moja kutundika pazia jipya kwenye dirisha la mbele, na Krismasi akaning'iniza shada mlangoni. Hakuvuka sebule kwenda nyuma. Huko nyuma kulikuwa na harufu, na yeye akajiambia ni panya.

Wapita njia walikuwa wakisema, "Aa, upande huu bado kuna watu."

Binti yake, Tamia, alikuwa na miaka tisa na chumba chake kilikuwa juu, nyuma. Kitanda kilikaa sambamba na ukuta unaogawana nyumba mbili.

"Mama, ukuta wangu unatoka jasho."

"Ni hizi mvua. Futa na taulo."

Mwezi haukuisha. "Mama, ukuta una tumbo."

"Una nini?"

"Tumbo. Kama la mwalimu wetu kabla hajajifungua."

Lavonne alicheka, akapanda juu huku bado anacheka. Aliweka kiganja ukutani, na kicheko kikaishia hapo. Ukuta ulikuwa baridi, umelowa, umevimba kuja upande wao. Juu ya mto kulikuwa na vumbi la chokaa, na katikati ya vumbi kipande cha tofali chenye ukubwa wa sabuni ya kufulia. Kilikuwa kimeangukia pale pale anapoweka kichwa mtoto.

Siku hiyo hiyo Lavonne alihamishia kitanda chumbani kwake, akapiga simu kwa watu wa jiji. Mkaguzi alikuja wakati yeye yuko kazini, kwenye jiko la shule, akaacha karatasi mlangoni. Lavonne aliisoma kabla hajavua koti. Nyumba ya jirani inatunzwa, iliandikwa. Haijaachwa. Akatazama chini. Ngazi zilikuwa zinang'aa.

Angeweza kupiga tena. Hakupiga, na hapa ndipo mama mwingine asome taratibu. Aliogopa. Familia moja ya kule kona aliiona kwa macho yake ikitolewa asubuhi na nguo kwenye mifuko ya takataka, kwa sababu ukuta wa jirani ulisemekana ni mbovu, na hawakurudi tena. Watu wa jiji wakija wakasema ukuta wa Bi Odessa ni mbovu, basi na wake ni mbovu, ni mmoja. Yeye na Tamia wangekwenda wapi? Akaufunga mlango wa chumba cha nyuma. Jumamosi ilipofika akasugua ngazi za Bi Odessa kuliko siku zote.

Umoja wa wakazi wa mtaa ulikuwa umeshaipeleka nyumba ile mahakamani pamoja na zile za kona. Jumatatu moja mwanamume mrefu wa makamo, buti zake zina saruji, alibisha kwa Lavonne.

"Bi Lavonne? Naitwa Royce Gaither. Jaji akikubali, mimi ndiye nitakayekuwa msimamizi wa nyumba hii ya pili."

"Msimamizi ndiyo nani? Polisi?"

"Hapana, mama. Mtu akiiacha nyumba ioze mpaka ihatarishe wengine, mahakama inamkabidhi mtu kama mimi. Naitengeneza, halafu inauzwa kwa atakayekaa."

"Mbona hiyo haijaoza? Hujaziona ngazi?"

"Nimeziona. Nzuri sana." Hata hakugeuka kuzitazama. "Mimi huwa naanzia nyuma. Twende?"

Lavonne hakuwa amepita kwenye uchochoro wa nyuma tangu mazishi. Gaither alisogeza bati la uzio, wakachungulia. Paa la jikoni halikuwepo. Mti ulikuwa umeota sakafuni, umepita dari ya kwanza na ya pili, na tawi lake lilikuwa limeegemea ukuta wa Tamia kama mtu anayesukuma mlango.

"Ee Mungu wangu," Lavonne alisema.

"Kila mvua inaingia humo. Nani analala upande wa pili?"

"Mwanangu. Yaani alikuwa analala." Kisha ikamtoka: "Ukitengeneza, sisi mtatutoa?"

Gaither alikuna kidevu. Angekuwa mwongo angejibu haraka. "Siwezi kukuahidi kitu, mama. Ukuta ukiwa mbaya sana mtatoka kwa muda. Nitapambana mrudi. Lakini Alhamisi huyo Clifton anakuja mahakamani na wakili, na wana picha za mbele. Mkaguzi wa jiji ameshaandika kwamba inatunzwa. Jaji akiamini hivyo, mimi sina kazi hapa na ukuta utaendelea kusukumwa."

"Wewe si umeona?"

"Nimeona mti. Watasema wataukata kesho. Wanachokitegemea ni kwamba kuna mtu anaishughulikia nyumba."

Alhamisi Lavonne alivaa gauni la kanisani akakaa benchi la nyuma. Clifton alikuwa ndani ya suti ya kijivu. Wakili wake aliinua picha moja baada ya nyingine.

"Mheshimiwa, tazama. Pazia safi. Shada la Krismasi. Na ngazi hizi! Mtaa mzima hakuna nyeupe kama hizi."

Jaji, mama wa miwani, aliishika picha karibu na macho. "Kweli zinapendeza. Bwana Clifton, wewe unaishi Atlanta. Nani anazisugua?"

"Kuna mtu, Mheshimiwa."

"Anaitwa nani?"

Clifton alimtazama wakili. Wakili akatazama karatasi.

Lavonne alimfikiria mkaguzi, akafikiria mifuko ya takataka, akafikiria kile kipande cha tofali juu ya mto. Akasimama.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Wala huyu hajawahi kunituma."

Watu wakageuka. Clifton akageuka zaidi ya wote. "Mama, nani alikuambia ushikeshike nyumba ya watu?"

"Mama yako mkubwa. Wewe hata kwenye mazishi yake ulifika chakula kimeshapakuliwa."

Mtu alicheka nyuma. Jaji aligonga meza mara moja, lakini mdomo wake nao ulicheza.

"Endelea, Bi..."

"Pettiford. Nilikuwa naisafisha ionekane ina uhai, wezi wasiingie. Pazia langu, shada langu. Nyuma haina paa, Mheshimiwa, na ukuta umevimbia kwenye kitanda cha mwanangu. Mimi ndiye niliyemdanganya mkaguzi wenu bila kufungua mdomo. Sasa nasema. Mkitaka kunitoa na mimi, haya. Lakini ule ukuta utengenezwe."

Jaji hakumtoa mtu. Aliuliza maswali machache kuhusu ukuta, akamwuliza Clifton ni lini aliingia jikoni kwa mara ya mwisho. Kabla ya chakula cha mchana Royce Gaither alikuwa amekabidhiwa nyumba.

Walitoka, ndiyo. Siku tisa, kwa dada yake Lavonne, ambako Tamia alikula kaa wa viungo mpaka midomo ikawaka, akasema hataki kurudi. Wakati huo mafundi waliuegemeza ukuta kwa nguzo za chuma, wakaukata mti kuanzia juu, wakaliweka paa kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Waashi walitoa matofali yaliyolainika moja moja, wakarudisha mapya. Siku ya kumi Gaither aliwafungulia mlango yeye mwenyewe.

"Tulidhani mmetutoa kabisa," Tamia alimwambia.

"Nilisema siwezi kuahidi kitu."

"Mama alilia kwenye basi."

"Tamia!"

Kufikia mwezi wa tisa nyumba ilikuwa na madirisha, jiko, na mwenyewe: Renita, dereva wa basi la shule, na mapacha wake wa kiume ambao siku ya kwanza tu walivunja chungu cha maua. Ngazi za Bi Odessa zilikuwa zimechafuka kwa buti za mafundi, nyeusi kabisa.

Jumamosi Lavonne alitoka na ndoo. Alisugua zake tatu. Jiwe likafika mpakani, mkono ukamwasha. Akaurudisha. Aliinuka, akazunguka mpaka kwenye uchochoro, akaangalia paa lake, paa la Renita, mabomba ya mvua, ukuta kutoka juu mpaka chini. Hivyo ndivyo anavyofanya sasa kila wiki: lazima apite nyuma. Siku hizi mtu akisifu weupe wa nyumba yoyote pale mtaani, yeye anamwuliza kama ameshapita nyuma.

Aliporudi mbele, Renita alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Dada, samahani. Mnatumia nini hapa zikawa nyeupe hivyo? Naona aibu."

"Usione aibu. Zikichafuka nitajua uko hai, una watoto na una kazi." Lavonne alimmiminia nusu ya unga kwenye kopo. "Lakini magoti utapiga mwenyewe."

Kutoka chumba cha nyuma, juu, sauti ya Tamia iliita. Alikuwa amekisukuma kitanda peke yake mpaka mahali pake pa zamani.

"Mama! Njoo uushike ukuta! Ni mkavu!"

Lavonne alipanda na mikono yake yenye sabuni, akaushika. Akaushika tena. Kisha akakaa kitandani kando ya mwanawe, mgongo ukutani, mpaka maji ya ndoo kule nje yakapoa.