Wimbo Uliovishwa Sura

"Hiki cha kwako ni cha kizamani, mama," Hamidu alisema, akikipindua kiredio cha Eliaichi kiganjani. "Kinaimba tu. Siku hizi watu wanachukua hivi vya kioo. Wimbo unausikia, na waimbaji unawaona."

"Niwaone ili iweje?" Eliaichi akamjibu. "Mimi nikisikiliza nyimbo, macho yangu yako kwenye jembe. Nikianza kuangalia kioo nitajikata vidole vya miguu."

Hamidu akacheka. Kibanda chake kilikuwa pembeni mwa stendi ya Same, kimejaa chaja, redio na memori kadi, na ilikuwa shida kumpata mtu wa milimani asiyemfahamu. Eliaichi alikuwa ameteremka kutoka Myamba na magunia mawili ya tangawizi. Yote yalikwisha nunuliwa kabla jua halijakaza, akabakiwa na shughuli moja tu: kitufe cha kuongezea sauti kilikuwa kimezama ndani. Kiredio chenyewe hakikuzidi kipande cha sabuni. Alikuwa akikitundika mtini kila alipokwenda shambani, na kwa miaka minne kilikuwa kimevumilia mvua, vumbi na midomo ya kuku.

"Sauti tupu hainunuliwi tena, mama, nisikudanganye," Hamidu aliendelea. "Hebu ngoja nikuonyeshe ya kwenu. Kwaya ya Myamba. Imeingia juzi tu, nimewarushia watu mpaka nimechoka."

Akachukua kimoja cha kioo, akabonyeza.

Eliaichi aliitambua sauti ile kabla haijafika neno la tatu. Ilikuwa yake. Walirekodi mwezi wa kwanza, akiwa na mafua, na kwenye ubeti wa pili alivuta pumzi mahali pasipo pake. Akaisikia pumzi ile ikivutwa. Ndipo akatazama kioo. Kando ya ndiva, bwawa la kijiji, alisimama Victoria, binti wa miaka ishirini na miwili, kavaa kitenge cha buluu, shingo ndefu, laini, akifungua mdomo kila sauti ya Eliaichi ilipofunguka. Hata ile pumzi ya mafua aliivuta. Nyuma yake walijipanga wanakwaya. Eliaichi akawapitia mmoja mmoja hadi mstari wa mwisho. Yeye hakuwamo.

"Huyu dada ana sauti, jamani!" Hamidu alisema. "Akipandisha pale, mwili unasisimka."

Mkono wa Eliaichi ukaenda wenyewe kwenye rovu. Uvimbe ule wa shingo alikuwa nao tangu usichana, sasa umefikia ukubwa wa parachichi, wala haukuwahi kumzuia kupandisha sauti hata siku moja. Aliona aibu. Kisha akashikwa na hasira kwa kuwa ameona aibu, na hasira hiyo ikamkaa barabara.

Kumbe siku ile walikuwa wanampikisha ili wapige picha bila yeye! Mwalimu Tumainieli, kiongozi wa kwaya, alikuja kwake kwa upole wote wa dunia. "Dada Eliaichi, kuna wageni wa video, wanakuja kuangalia mandhari tu. Picha zenyewe mwezi ujao. Hakuna wa kumwamini jikoni kama wewe." Naye, mjinga wa kutupwa, akachinja jogoo wake mwenyewe. Akapika makande na wali. Saa kumi wakaja wanakwaya wote, wamevaa vitenge vipya, wanacheka, wanamwambia eti walikuwa wanajaribu sare. Walikula mpaka wakalamba vidole. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema wahenga. Yeye alitunzwa sufuria la kusugua.

"Zima," alisema.

"Hujaipenda, mama?"

"Hiyo sauti ni yangu."

Hamidu akamtazama, akatazama kioo, kisha macho yakamponyoka yakatua shingoni mwa Eliaichi. Akayaondoa haraka, lakini Eliaichi alikwisha yaona. Hakuwa mtu mbaya, Hamidu. Alizima.

"Pole, mama."

"Usinipe pole, sijafiwa. Nipe kiredio changu."

"Sijakitengeneza bado."

"Nipe hivyo hivyo."

Njia nzima ya kupanda milima alitazama nje ya gari. Alikuwa ameimba miaka thelathini. Nyimbo zake zilikuwa zimeingia kwenye majiko ya watu asiowajua, huko Gonja na Kisiwani. Mwanamke mmoja mfiwa aliwahi kutuma salamu kwamba sauti ile ndiyo iliyomnyanyua kitandani. Sikio lilikuwa halijawahi kumuuliza habari za shingo. Viredio viliimba, watu wakasikia, basi. Nani aliyelalamika? Nani aliyesema wimbo haumwingii mpaka auone mdomo unaouimba? Wamekwenda wakatia dirisha kwenye kitu kisichohitaji dirisha, na dirishani wakamweka mtu mwingine.

Siku mbili alimtafuta Tumainieli nyumbani kwake. Mara ya kwanza aliambiwa yuko safarini. Mara ya pili aliambiwa hivyo hivyo, na viatu vyake viko mlangoni.

Alhamisi asubuhi ikalia pembe ya msaragambo, ya kuitana kazi ya kijiji. Mfereji wa kutoka ndiva ulikuwa umejaa tope, na pembe ya msaragambo ikilia hakuna wa kujificha: mwenyekiti, mwalimu, mjane, kila mtu hutoka na jembe lake, na asiyetokea atasemwa mwaka mzima. Tumainieli alitokea, amevaa koti na buti za mpira. Alipomwona Eliaichi anakuja aliinama akijifanya anakaza mpini.

"Shikamoo, dada Eliaichi."

"Sitaki shikamoo yako."

Waliokuwa karibu wakageuka. Kwenye milima ile mtu huweza kukunyima maji, lakini marahaba hakunyimi.

"Tuongee baadaye, dada," Tumainieli alisema kwa sauti ya chini. "Hapa ni kazini."

"Hapa hapa. Nyumbani kwako hupatikani. Sauti yangu umempa nani?"

"Hatujampa mtu. Tumeitunza, hata nukta hatukuibadilisha. Ila redio ni redio, video ni video. Zamani mtu alisikiliza tu. Sasa ana kioo mkononi, anatazama. Tukibaki na sauti peke yake kwaya itakufa. Na wale waliotushuti walisema wenyewe..."

"Walisema nini?"

"Walisema picha inataka..." Akaishia hapo. Macho yake, kama ya Hamidu, yalishuka, ila yeye hakuwa na haya ya kuyaondoa.

"Malizia."

Tumainieli akauinamia tena mpini wa jembe.

"Jogoo wangu mlimla vizuri," Eliaichi alisema. "Mlirudia na mchuzi. Shingo hii haikuwatia kinyaa siku ile. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!"

Neno alirushiwa Tumainieli, lakini aliyelipokea ni Victoria, aliyekuwa amesimama nyuma yake na jembe begani. Machozi yakamlenga.

"Shangazi, mimi niliambiwa umekubali," alisema. "Niliambiwa ni wewe umenichagua."

Eliaichi alimtazama, akajua hasemi uongo. Ni yeye Eliaichi aliyemfundisha binti huyu kuimba, tangu akiwa na meno ya utotoni. Hilo nalo likamwongezea hasira, kwa sababu sasa hakujua aipeleke wapi.

"Jamani, maji hayawezi kusubiri kesi," akasema mzee Manase, mwangalizi wa ndiva. "Shukeni mferejini. Eliaichi, mama, tuanzishie."

Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kazi ya mfereji haiendi bila wimbo. Watu hamsini wamejipanga bega kwa bega, na majembe yasiposhuka pamoja, mmoja atamkata mwenzake. Na mwanzishaji alikuwa Eliaichi, hata kabla ya kwaya, hata kabla Tumainieli hajajua kufunga kamba za viatu.

Eliaichi alishuka kwenye tope akasimama mahali pake. Alifunga mdomo.

"Eliaichi, mama?" mzee Manase akamwita.

"Aanzishe Victoria," Eliaichi alisema. "Si ndiye mwenye sauti?"

Victoria akatazama huku na huku. Watu walikuwa wanamngoja, basi akaanzisha. Alijitahidi, maskini. Sauti ilitoka nyembamba, ikatetemeka, ikamfia kooni kabla ya kiitikio. Majembe yalishuka kila moja na wakati wake, tope likawarukia watu usoni, mtu mmoja akapiga kelele kwamba nusura akatwe kisigino.

Ndipo Tumainieli alipopanda ukingoni. Akatia mkono kwenye koti, akatoa kiredio kipya cha kioo, akakitundika kwenye tawi na kufungulia sauti hadi mwisho.

Sauti ya Eliaichi ikatoka mtini.

Majembe yakapanda pamoja. Yakashuka pamoja. "Haya ndiyo mambo!" mwanamume mmoja akasema, na mstari mzima ukaitikia kwa nguvu. Hawakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililomkata maini Eliaichi. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mwanamke mmoja aliinua shingo kuelekea kioo akasema, "Victoria, umependeza mno!" na wenzake wakacheka wakiendelea kulima. Mfereji ulikuwa unafunguka. Tope lilitupwa nje jembe baada ya jembe, kwa wimbo wake, naye amesimama katikati yao tope likiwa limemfika kwenye vifundo vya miguu, hahitajiki.

Alifikiri kukivunja. Jiwe lilikuwapo, na shabaha alikuwa nayo. Lakini Hamidu alikuwa navyo katoni nzima, na ndani ya kila kimoja Victoria alikuwa amefungua mdomo.

Basi akaimba.

Hakuimba wimbo wa kwaya. Aliimba wimbo wa msaragambo wa bibi yake, kwa Kipare, wa mwendo wa haraka, ambao hakuwahi kukubali uandikwe wala urekodiwe popote. Aliutoa kutoka tumboni kwa hasira yake yote, rovu likipanda na kushuka mbele za watu, kichwa kimeinuliwa ili walione vizuri. Bibi wawili walioufahamu wakauitikia palepale. Vijana waliokuwa karibu wakayumba, majembe yakiwa juu, hawajui yashuke kwa wimbo upi. Mzee Manase alisimama kabisa, akaegemea mpini.

"Dada, unawachanganya watu!" Tumainieli akapaza sauti.

"Zima chako!" akajibiwa, na mstari wa wimbo haukukatika.

Tumainieli hakukizima. Wala hakuna mwingine aliyekwenda kukizima. Upande wa juu wa mfereji, karibu na mti, majembe yalikwenda na kiredio. Upande wa chini yalikwenda na Eliaichi. Katikati yaligongana chuma kwa chuma, watu wakarudi nyuma wakitukanana. Victoria alikuwa hapo katikati. Jembe lake alikuwa ameliweka chini, na midomo yake ilikuwa inacheza, inayatafuta maneno ya Kipare bila kuyapata.

Koo lilianza kumkwaruza Eliaichi. Alikuwa ameimba beti saba, na jua lilikuwa limepanda. Wimbo wa mtini ukafika mwisho. Kukawa kimya kwa muda wa kumeza mate, maji yakasikika yakichuruzika chini ya tope, kisha wimbo ule ukaanza tena tangu mwanzo, haujachoka hata kidogo, na Victoria wa kwenye kioo akatabasamu. Eliaichi akatema mate pembeni, akajifuta mdomo kwa mkono wenye tope, akaanza upya.