Vigingi vya Languida

Muhamadi, fundi cherehani, alipomwona Munyaneza akija tena na wavu begani, alishusha pumzi. Hii ilikuwa mara ya tatu mwezi huo.

"Imepasuka," Munyaneza alisema, akaubwaga barazani.

"Naona, mi si kipofu. Unavua samaki ao unavua mawe?"

"Iko mutu anatia vijiti katika maji, kule kwa matete. Nikimushika!"

Ulikuwa wavu wa kukokota. Ndani ya mfuko wake Muhamadi mwenyewe alishonea kitambaa cha chandarua, mwaka wa hamsini na tano, kwa kuwa Munyaneza hakutaka hata kisamaki kimoja kipenye. Tangu hapo fundi hakupata raha. Kitambaa hupasuka, yeye hushona. Harufu ya samaki huingia katika nguo za wateja, nao humlalamikia yeye.

Munyaneza alipoondoka tu, akaingia Languida, mjane aliyeuza samaki sokoni tangu Muhamadi hajaoa. Hakusalimu. Aliweka samaki mezani, akambana mashavu, na vitoto kama ishirini vikamwagika kutoka kinywani, juu ya suruali mpya ya karani.

"Mama Languida! Suruali ya watu!"

"Angalia kwanza. Huyu anabeba watoto yake katika kinywa mpaka wapate nguvu. Munyaneza anawakokota wote. Zamani kwa meza yangu ilikuwa aina saba. Leo iko mbili. Wale wa tumbo la manjano, we umeona hata moja mwaka huu?"

"Mi ni fundi wa nguo, mama."

"Na ule wavu, nani alishona?"

Muhamadi alijikuna kichwa. "Na vijiti, nani anatia?"

"Ni mi. Vigingi arobaini. Nimemwambia kwa mudomo miaka mbili, hasikii. Bon, sasa atasikia."

Muhamadi alitamani kuwafukuza wote wawili, na ziwa lihame pamoja nao. Lakini mama yule alipokwenda, alichukua mkasi akafumua kitambaa chote cha chandarua katika wavu. Akaziba tu matundu yaliyopasuka, akaacha yale ya kawaida, mapana kama vidole viwili.

Munyaneza aliporudi, alipandwa na hasira. "Umeniharibia!"

"Nimechoka. Ukitaka kitambaa, tafuta fundi mwingine. Na kule kwa matete usirudi, vigingi iko arobaini."

"Arobaini? Umejuaje?"

Muhamadi akauma ulimi, lakini Munyaneza alikwishaelewa. Alitoka mbio hadi sokoni, wakagombana na Languida mpaka adhuhuri. Alipowaamuru wapiga kasia wake wang'oe vigingi, walikataa: wawili kati yao walikuwa wameoa mabinti wa Languida. Akalazimika kuvua mbali, akinung'unika kila siku.

Mvua zilizofuata, vitoto vya samaki vilijaa penye matete. Mezani pa Languida aina zikawa nne. Wale wa tumbo la manjano hawakuonekana.

"Ungekataa mwaka ule wa kwanza," Languida alimwambia Muhamadi, "wangekuwapo."

Muhamadi alijua ni kweli, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.