Printa ya Rangi Sita

Mume wangu Lomayani ni mwongoza watalii, na ugonjwa wa kazi hiyo ni kwamba mtu akizoea kuulizwa maswali kutwa nzima huanza kuamini ana majibu ya kila kitu. Anajua simba hula nyama kiasi gani. Anajua kreta ya Ngorongoro ilitokeaje, utadhani alikuwepo. Hapa nyumbani Karatu anajua pia chumvi ya mboga, dawa ya mafua, na namna mwalimu wa shule ya msingi anavyopaswa kufundisha, na mwalimu mwenyewe ni mimi. Tangu aliponunua kamera, anajua na printa.

Printa yetu ya kwanza aliiua mwenyewe. Mashine ya wino hutaka kuchapa mara kwa mara, japo karatasi moja moja, la sivyo wino hukaukia kwenye vitundu vya kichwa chake. Nilimwambia hivyo msimu wa watalii ulipoanza. Akachomoa waya, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, akaenda zake Serengeti. Aliporudi ilitoa picha ya tembo wa kijani mwenye mistari. Akaifungua kwa bisibisi, akaipuliza, akaisugua kichwa kwa spiriti, na baada ya hapo haikutoa hata tembo yule. Akasema kosa ni la vumbi la Karatu. Vumbi letu limesingiziwa mengi, lakini bisibisi halijawahi kushika.

Ningemwacha na michezo yake, ila safari hii picha ilikuwa na kazi. Mtoto wetu Lekoko alipata ufadhili wa kwenda Uturuki kusomea udaktari wa mifugo. Viza ilichelewa, tiketi ikaja ghafla, na wiki ile mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda kwa bibi yake, kijijini Enguserosambu. Akapanda ndege bila kubarikiwa. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Koko kama wajukuu wanavyomwita, hajalisahau hilo. Kifua kinamsumbua, miguu imemvimba, na amesema wazi kwamba Lekoko akirudi hatamkuta. Anataka kumbariki kabla hajafa, basi. Na kwa kuwa mimi ni Mwiraqw, si Mmasai kama wao, mke aliyetoka nje ya ukoo, familia nzima iliamua kwamba mimi ndiye niliyemwachia mtoto aondoke hivihivi. Baba yake, mjuzi wa kila kitu, hakulaumiwa na mtu.

Tulijaribu simu. Wifi yangu Kakenya alimpandisha Koko kilimani penye mtandao, Lekoko akatokea akicheka, na Koko akakataa kumbariki.

"Huyo yuko nyuma ya kioo," alisema. "Maziwa yangu ya baraka yataishia kwenye kioo."

Akaagiza picha ya karatasi, tupu, bila fremu wala nailoni, aishike mkononi. Kisha akaongeza maneno ambayo Kakenya alinifikishia bila kupunguza hata moja: yule mwanamke aliyempoteza mtoto wangu na aje nayo. Nimeolewa katika familia ile miaka mingi na sijawahi kupiga magoti mbele ya mama yule nikabarikiwa. Nilijua picha hiyo ikienda vibaya, sitakanyaga tena pale bomani.

Nikasema twende studio ya pale stendi, watuchapie, yaishe. Lomayani alinitazama kama mtu aliyeambiwa mama yake apelekewe chakula cha hotelini. Picha ya mwanawe itatoka nyumbani kwake, kwenye mashine yake. Basi ikabidi mashine inunuliwe.

Kwanza aliomba ushauri kwenye kundi la simu la waongoza watalii wenzake. Watu wazima hawa, ambao hushindwa kukubaliana chui ameonekana mti upi, wakajadili printa hadi chaji zikawaishia. Inosenti, rafiki yake mkubwa, ambaye hajawahi kuchapa hata risiti, akatoa hukumu: cha maana ni idadi ya rangi. Rangi nne ni za ofisini. Picha inataka sita. Kuanzia hapo nyumbani kwangu hapakuwa na neno jingine. Sita mezani, sita kitandani.

Kwenye duka la vifaa vya kompyuta tulipokewa na Raphaeli, kijana mwenye shati lililobana na manukato ya kutosha kanisa zima. Alikuwa na printa mbili za picha. Ya rangi sita aliiweka mbele kabisa, juu ya kitambaa chekundu, na picha ya mfano imeegemezwa pembeni: kasuku. Karatu hii, kasuku. Ya pili ilikuwa kwenye rafu ya chini, karibu na mafeni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mume wangu tayari alikuwa anamtazama kasuku kwa macho ya mahaba.

"Bro, hii ni noma," Raphaeli alisema. "Rangi sita, matenki makubwa, unajaza mwenyewe. Ona manyoya hayo."

"Wino wake ni wa aina gani?" niliuliza.

"Wa maji, mama. Ndiyo maana unang'aa."

"Na ile ya chini?"

"Ile wino wake ni wa pigimenti, ule wa chembechembe. Unakaa juu ya karatasi, haung'ai sana. Watu wa vyeti ndio wanaipenda."

Nikaomba karatasi zote mbili za mfano. Sokoni kwetu mwanamke hanunui kitenge kabla hajalowesha ncha akaifikicha kuona kama kinachuja. Nikalamba kidole nikamsugua kasuku. Mkia wake wote ukahamia kidoleni kwangu. Nikalamba kidole kingine nikasugua karatasi ya pili. Haikutoa kitu.

Raphaeli alishika kasuku wake kwa uchungu. "Mama, picha hailambwi."

"Hii yetu italambwa," nikasema. "Lomayani, chukua ya chini."

Mume wangu akainua ile karatasi ya pili, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza na kuigeuza. Lazima nimpe haki yake, alikuwa na hoja. Kwenye picha tuliyotaka kuchapa, Lekoko amevaa shuka jekundu siku ya mahafali yake, na kwenye mashine ile ya chini wekundu ulikuwa umepoa, unaelekea kahawia.

"Mama yangu ataona shuka la mwanangu limechakaa," alisema. "Atasema hatumvishi."

"Mama yako atamwaga maziwa juu yake."

"Atachovya nyasi, atanyunyiza kidogo. Yule mama ni mgonjwa, Valeria. Hana pumzi."

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia, nikacheka mbele ya muuza duka. Mtu huyu huwaeleza wageni kila wiki, nimemsikia kwa masikio yangu, kwamba kwa Wamasai mate ni baraka, kwamba mkubwa huyajaza maziwa mdomoni akampulizia mtoto usoni. Wageni huandika, humshukuru, humpa bakshishi. Yeye peke yake ndani ya gari ndiye hasikii anachosema. Mila za mama yake zimekuwa maelezo ya barabarani, kati ya twiga na choo cha kituo kinachofuata.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Tulirudi nyumbani na rangi sita.

Sitasema picha ilikuwa mbaya. Ilipotoka kwenye mashine, polepole, kuanzia nywele, mimi mwenyewe niliketi. Alikuwa mtoto wangu na jino lake lililopanda, na shuka jekundu la kuwasha macho. Lomayani akaipiga picha ile picha, akaituma kwenye kundi. Inosenti akajibu kwa vikatuni vya ngumi na moto. Nikamwambia mara ya mwisho kwamba wino huo utakimbia. Akaniambia mimi nina roho ya kutafuta kasoro, na kwamba angekuwa na mke wa kumtia moyo angekuwa mbali. Nilitamani sana kujua mbali huko ni wapi.

Enguserosambu tulimkuta Koko ameketi nje ya nyumba yake kwenye kigoda, amejifunga mashuka mawili, amekonda mpaka shanga za masikioni zinaonekana kumzidi uzito. Wanawake wa boma walikuwa wamekusanyika. Kakenya alishika kibuyu cha maziwa na shada la nyasi. Lomayani alikuwa amevaa fulana ya kampuni na miwani ya jua juu ya kichwa, akaitoa picha kwenye bahasha kwa mikono miwili, na nikaona anasubiri kusifiwa.

Koko aliitazama muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye lile jino. Nikamsogelea, kwa sababu hata mimi ni mama na mtoto yuko mbali.

Akachovya nyasi, akanyunyiza. Wanawake wakaitikia, "Naai," amina ya Kimaa. Matone yakakaa juu ya karatasi, hayakufanya kitu, na Lomayani akanigeukia na kile kicheko chake cha pembeni. Kisha Koko akaomba kibuyu. Mgonjwa asiye na pumzi akajaza mashavu yote mawili, akaisogeza picha mbele ya uso wake, akampulizia mjukuu wake maziwa kwa nguvu ya mwanamke anayejua hatapata nafasi nyingine.

Wekundu ndio ulioanza. Ukatoka kwenye shuka ukateremka kwenye vidole vya Koko. Halafu macho yakakimbia, pua ikafuata, na jino likawa doa. Mkononi mwake kukabaki karatasi ya waridi isiyo na mtu. Hakuna aliyeitikia. Mwanamke mmoja, kama aliyeona mkosi, alimvuta mwanawe akamficha nyuma ya shuka lake, na Kakenya akaziba mdomo.

"Yeyo, mama yangu, ni karatasi tu," Lomayani alianza. "Karatasi ilikuwa mbovu. Mashine yenyewe ina rangi sita."

"Nani aliitengeneza hii picha?" Kakenya aliuliza, na hakumtazama kaka yake. Alinitazama mimi. Wote walinitazama mimi.

Nilingoja mume wangu aseme. Mtu anayejua idadi ya flamingo ziwani asingekosa jibu la swali dogo kama hilo. Akavua miwani kichwani akaanza kuifuta kwa ncha ya fulana. Nimemwona mwanamume huyu akiwakemea tembo. Mbele ya mama yake alifuta miwani.

Koko alikuwa bado ameishika karatasi, wekundu unamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akaniuliza kwa Kimaa, taratibu, kama anayemuuliza mtoto, "Ulijua itakimbia?"

"Nilijua, Yeyo," nikajibu kwa Kimaa hichohicho, ambacho wao hudhani sikijui. "Nililamba, nikaona. Nikamwambia dukani, nikamwambia na nyumbani."

"Akasemaje?"

"Akasema shuka lazima liwe jekundu."

Koko alimgeukia mwanawe. Hakupandisha sauti. "Jekundu," alisema. Akauweka mkono wake uliolowa juu ya goti, akautazama, kisha akamtazama yeye, na Lomayani akayakimbiza macho yake kwa mbuzi.

Kikohozi kilimshika Koko, tukangoja. Kilipopungua aliiweka karatasi chini, akanyoosha kidole kwangu.

"Mtoto hakuzaliwa na karatasi," alisema. "Tumbo lililomtoa hili hapa. Sogea, mama."

Nilipiga magoti. Alinipaka wekundu wa wino kwenye paji la uso, akajaza mashavu tena, na maziwa yakanipata usoni, kifuani, mpaka tumboni. Akamtaja Lekoko kwa majina yake yote, akamwombea njia, mifugo na kurudi, kisha akaniombea na mimi, kwa jina langu. "Naai," wanawake waliitikia, na sauti ya Kakenya ilikuwa juu kuliko zote. Nililia bila kujificha. Nilikuwa nimechelewa sana kupata kitu hicho na sikuwa na haja ya kujifanya sikukitaka.

Lomayani alikuwa amejongea. Alipiga magoti kando yangu kwenye samadi, na fulana yake ya kampuni, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa utotoni.

"Na mimi, Yeyo?"

Koko alikuwa ameshamrudishia Kakenya kibuyu.

"Wewe," alisema, "una mashine."