Bomba Lililotoa Mbege

Eliya, mjukuu wa Simaloi, alibatizwa kwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Hakuna aliyepanga hivyo. Mzee wa kanisa Gadiel alikinga bakuli la ubatizo kwenye bomba la nje, kama anavyofanya miaka yote, akaliweka madhabahuni bila kuangalia, maana nani anakagua maji? Mchungaji akachovya mkono, akataja jina la Baba, akataja la Mwana, alipofika kwa Roho Mtakatifu mkono ukatoka na mapovu na punje za ulezi. Akasita. Lakini ubatizo haukatishwi katikati kama kikao cha kijiji, kwa hiyo akamalizia. Mtoto akatoa ulimi, akalamba kilichokuwa kikimtiririka puani, akacheka kwa sauti. Kanisa zima likanusa. Wanakwaya, watu waliokuwa wamekauka koo, wakaanza kutoka mmoja mmoja, eti wanakwenda kunawa.

Mchungaji alisema baadaye kwamba ubatizo ni halali, mbege nayo ina maji ndani yake. Hilo halikumfariji Simaloi hata kidogo. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji ya kitongoji, huku juu Olmotonyi, na bomba likiharibika anafuatwa yeye, hata usingizini. Halafu mtoto mwenyewe ni wa kwake. Lengai, mwanawe, na mkewe Jackline walimleta kutoka Sombetini, mjini, ili abatizwe, kisha akae na bibi mpaka Jackline azoee kazi mpya. "Mama, huko juu kwenu kuna maji safi," Jackline alimwambia, akamwekea mtoto mikononi. Maji safi! Maneno hayo yalimkaa Simaloi kifuani ibada nzima.

Hakungoja chai. Alipanda moja kwa moja kwa Evaresta, mama wa Kichaga kutoka Rombo, ambaye ndiye peke yake anayepika mbege upande ule, na nyumba yake iko juu ya kanisa. Alimkuta ametoka misa ya kwanza, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, analia.

"Yesu na Maria! Mama Lengai, nimeibiwa! Pipa zima! Mlango nilifunga, kufuli liko palepale, ufunguo ninao mwenyewe. Wameinywaje wakiwa nje?"

Simaloi akachungulia ndani ya pipa. Halikuwa na kitu ila machicha kidogo chini, na katikati ya machicha umelala mpira wa maji, mwisho wake wa pili umefungwa kwenye bomba.

"Huu mpira uliuacha humu?"

"Alfajiri nilikuwa naongeza maji kidogo, mbege ilikuwa nzito. Maji yakakatika. Nikasahau kufunga koki, nikaenda misa."

Basi Simaloi akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamtia baridi. Alfajiri ile lori la magogo lilipasua bomba kule chini njia panda. Maji yote yaliyokuwa ndani ya bomba yakakimbilia kule kwenye tundu, bomba likabaki tupu, na bomba tupu huvuta. Likavuta kilichokuwa mdomoni mwake, na mdomoni mwake kulikuwa na pipa la Evaresta. Kisha fundi Philemoni alipolifunga tundu kwa mpira wa baiskeli na kufungulia maji, mbege iliyobaki ndani ikasukumwa kwenda kwa kila mtu, hadi madhabahuni.

"Hukuibiwa, dada," alisema. "Bomba ndilo lililokunywa."

Kwenye kikao cha kamati alikuja na fundi Philemoni na kidude cha shaba mkononi, kidogo, cha kutosha kiganja. Mafundi wanakiita nonritani. Maji yanapita kwenda, kurudi hayapiti. Simaloi akaeleza vizuri kabisa, taratibu, kama anayelisha mgonjwa: kila bomba lenye mpira lifungwe kimoja, na kwa sasa mpira usizamishwe ndani ya pipa, uning'inie juu ya mdomo wake, maji yaanguke yenyewe. Watu walimsikiliza wakiangaliana. Wa kwanza kusimama alikuwa mume wake, Lemomo.

"Mama Lengai ni mke wangu na ninamheshimu," alianza. Akianza hivyo Simaloi anajua ameshatukanwa. "Lakini maji hufuata mkondo. Tangu nizaliwe sijaona maji yakipanda, yakaingia ndani kwa mtu, yakachukua pombe, yakatoka nayo. Ile ni baraka ya bomba lenyewe. Na baraka unaifungaje kwa shaba?"

Wakapiga makofi. Evaresta akaruka juu. "Ilikuwa pombe yangu! Naijua kwa ladha! Hata Gadiel anaijua, muulizeni!" Wakamwambia anaona wivu kwa sababu bomba linapika kumzidi. Gadiel, mzee wa kanisa yule, akasema tusiharakishe, ndugu zangu. Jumamosi fundi anabadilisha bomba la njia panda, atafunga maji, kisha atafungulia. Tuone kwanza litatoa nini. Alisema "tuone" akiwa na jagi tupu chini ya kiti. Watu wazima, jamani, wenye wajukuu!

"Na siku likivuta kitu kingine?" Simaloi akauliza.

"Kitu gani?"

"Sumu, kwa mfano."

Lemomo akacheka mpaka akashika ubavu. "Mke wangu, nani huku kwetu anaweka sumu kwenye pipa?"

Kikao kikafungwa kwa sala.

Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya kuogesha ng'ombe. Lemomo alivuta pipa lake la bluu hadi zizini, akamimina dawa ya kupe, akatumbukiza mpira ndani, akafungulia koki, akaenda zake kukaa kivulini. Mpira hakuushika. Kwake yeye kushika mpira ni kazi ya mtu asiye na ng'ombe. Pipa lilipokuwa karibu kujaa maji yakakatika, na Lemomo akajua maana yake: Philemoni amefunga kule juu kwenye tangi. Aliruka pale kivulini. Ng'ombe aliwaacha, pipa aliliacha, koki aliiacha wazi, akachukua jagi na kuteremka kanisani kuwahi foleni.

Simaloi alikuwa jikoni akikoroga uji wa Eliya. Akasikia sauti zizini: kroo, kroo, kroo, sauti ya ng'ombe anayekunywa. Akasema moyoni, huyu ng'ombe anakunywa dawa, leo tumekwisha. Akambeba mtoto mgongoni, akatoka mbio. Ng'ombe wote walikuwa wamesimama pembeni, wanatazama pipa. Aliyekuwa anakunywa ni mpira. Dawa ya kupe, nyeupe pepepe, maana ikichanganywa na maji hugeuka nyeupe, ilikuwa inashuka ndani ya pipa huku yeye akiiona kwa macho yake.

Akauchomoa mpira. Akafunga koki. Nusu ya pipa ilikuwa imeshakwenda.

Aliogopa Simaloi, hakuna haja ya kuficha. Alimfikiria Jackline akishuka kwenye gari na kuuliza mtoto yuko wapi. Akaumwaga uji ule uliokuwa jikoni, ingawa ulipikwa kwa maji ya jana, kisha akateremka kilima huku Eliya akirukaruka mgongoni na kucheka, akidhani ni mchezo.

Kanisani kitongoji kizima kilikuwa kimepanga mstari na majagi, vibuyu, sufuria, mmoja na beseni la kuogea. Philemoni alikuwa ameshafungulia maji. Bomba likakohoa, likatema upepo, likatetemeka, kisha likatoa kitu cheupe.

Mama mmoja akapiga kigelegele.

"Maziwa!"

Jamani, mwenyeji wa huku na maziwa! Bibi mmoja akatema mate ya baraka kwenye kiganja. Gadiel akavua kofia. Lemomo, ambaye kwa sababu ya hotuba yake alipewa heshima ya kikombe cha kwanza, alikuwa analia waziwazi. "Wiki iliyopita pombe, leo maziwa," alisema. "Mungu amewakumbuka wafugaji."

"Msinywe!" Simaloi aliingia akihema. "Tupeni! Ni dawa ya kupe!"

"Huyu naye," mtu akasema. "Pombe anatunyima, na maziwa pia?"

Vikombe viliendelea kujazwa. Simaloi akapaza sauti tena, na akaona sauti haifui dafu. Walimwona kila siku akipaza sauti juu ya bomba, walishazoea. Akatafuta kwa macho, akamwona Evaresta nyuma kabisa ya mstari, mikono mitupu, amekuja kuangalia tu.

"Evaresta! Kwenu pombe ikiletwa mbele ya watu, nani anaonja kwanza?"

Evaresta akashangaa kuulizwa. "Mwenye pipa, nani mwingine? Aonje watu wakiona, wajue hajaweka kitu. Asipoonja, hakuna anayegusa."

"Na kwetu, mzee Gadiel?"

"Ni hivyohivyo," Gadiel akajibu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, akashusha jagi lake. Na wengine wakashusha. Dawa ya kupe hawakuiamini, lakini desturi ni desturi.

"Vizuri. Hicho mlichokinga kimetoka kwenye pipa la bluu, zizini kwa Lemomo. Mpira wake nimeukuta umezama humo, nimeuchomoa kwa mkono huu." Akanyoosha mkono. Ulikuwa umekauka weupe hadi kwenye kiwiko na ulinuka. "Baba Lengai, mwenye pipa ni wewe. Onja, watu wanakusubiri."

Lemomo akatazama kikombe. Yeye mwenyewe ndiye aliyefungua chupa ya dawa asubuhi ile, na chupa ina picha ya fuvu. Akakisogeza puani. Machozi ya furaha yalikuwa bado yanamteremka, hayajapata habari.

"Mama Lengai..."

"Onja, mume wangu."

"Mama Lengai, naomba..."

"Onja!"

Lemomo akakipindua kikombe chini. Baada yake zikasikika sauti za majagi, sufuria na vibuyu vikimwagwa, kimoja kimoja. Mwenye beseni alimwaga mwisho.

Koki zote zikafunguliwa, maji yakatiririka kutwa hadi kesho yake. Mtaalamu wa maji akapanda kutoka mjini na chupa zake, akapima, baada ya siku chache akaleta jibu kwamba sasa ni safi. Watu wakamsikiliza kwa heshima, wakampa chai, hawakunywa. Walisimama kuzunguka bomba wakitazama maji maangavu ya kawaida yanavyotoka, na kila mmoja anamtazama mwenzake.

"Aonje mwenye maji," Gadiel akasema hatimaye. "Mwenye maji ni mwenyekiti."

Wote wakamgeukia Simaloi. Yeye akakaa juu ya jiwe, akampakata Eliya.

"Ni kweli, mwenye maji ni mimi. Na sionji. Sionji mpaka kila bomba lenye mpira liwe na kidude chake cha shaba, na kila mpira nikauone kwa macho yangu unaning'inia juu ya pipa."

Siku zilizofuata Philemoni alizunguka nyumba hadi nyumba, akianzia kwa Evaresta, na aliyembebea mkoba wa spana alikuwa Lemomo. Maji ya kunywa yalichotwa chemchemi ya juu, na waliochota walikuwa wanaume, kwa amri ya mwenyekiti. Jioni, nyumbani, Lemomo alijaza pipa la ng'ombe akiwa ameshika mpira kwa mkono mmoja juu ya mdomo wa pipa. Akichoka alibadilisha mkono.

Jumapili baada ya ibada Simaloi alikinga kata ya kibuyu pale bombani. Kitongoji kizima kilikuwepo. Akanywa, taratibu, hadi nusu.

"Vipi?" Gadiel akauliza.

"Maji."

"Maji tu?"

"Maji tu."

Watu wakashusha pumzi, na wapo walioishusha kwa majonzi. Simaloi akampa Lemomo kata. Akanywa macho yamefumbwa, kisha akashika mkono wa mkewe mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ndipo Simaloi akamsogezea Eliya kata mdomoni. Mtoto akaonja. Akangoja. Akachungulia ndani kutafuta mapovu, hakuyaona, akakunja uso, akaangua kilio cha mtu aliyedhulumiwa. Simaloi akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamsogezea kata tena.