Aliyekabidhi Zamu

Kila mwaka, katika wiki ya gwaride la kuhitimu, makadeti wa mwaka wa mwisho katika chuo cha maofisa wa majini hutoa kitabu chao wenyewe. Si kitabu cha maana sana, tusidanganyane. Kila mmoja hupewa nusu ukurasa na picha, na humo huandikwa alivyokuwa: aliyekoroma, aliyeogopa maji akaja kusomea maji, aliyemaliza biskuti za bweni zima akasingizia panya. Mwaka ule kazi ya kukikusanya alipewa kadeti waliyemwita Rula, na hakuna aliyeshangaa. Kitanda cha Rula kilinyooka hata mkufunzi mkorofi kuliko wote alikosa la kusema. Alikuwa wa kwanza darasani miaka yote mitatu, na upanga wa heshima, ule anaopewa mhitimu bora, ulikuwa umeshatangazwa kuwa wake. Mjomba wake aliyemlea aliutangaza mtaa mzima, mpaka watu wakaanza kumkwepa.

Jumatatu karatasi zikaanza kuingia. Rula alizisoma kitandani huku akicheka peke yake. Redio, aliyepata jina kwa kuhutubia usingizini, aliandika kwamba anawaombea msamaha wote aliowatukana akiwa amelala, na kwamba wengine wao walistahili. Kasia, msichana aliyewashinda wavulana wote kwa kupiga makasia kisha akawafunga malengelenge yao mmoja mmoja, alijaza neno moja tu kwenye nafasi ya mambo anayoyajutia: "Hakuna." Pasi, aliyewanyooshea wenzake sare kwa malipo ya sabuni, aliomba kitabu kisifike mikononi mwa mama yake.

Kisha akaifikia karatasi ya Mchanga.

Mchanga alikuwa mwenzake wa chumba tangu siku ya kwanza, walipofika wote wawili na masanduku mazito na shingo zilizonyolewa vibaya. Mrefu, mpole, mwimbaji wa bafuni asiye na sauti wala aibu. Alipenda bahari kama wengine wanavyopenda mpira. Angeweza kukueleza mkondo wa maji mpaka chakula kikapoa. Karatasi yake ilikuwa fupi. Asili ya jina lako: "Mnaijua." Kituo unachoomba kupangiwa: "Ghala la vifaa, nchi kavu." Sababu: "Sitaki kuua watu."

Rula alicheka kwa mazoea, halafu akaisoma tena.

Jina hilo lilizaliwa miaka miwili nyuma, katika safari ya mafunzo. Ilikuwa asubuhi, zamu inabadilishwa saa mbili kamili. Rula ndiye aliyekuwa akitoka zamu kwenye meza ya ramani, Mchanga ndiye aliyekuwa akiingia. Rula alikuwa ameupima mnara wa taa kwa dira, akafanya hesabu, akaweka alama ya penseli kwenye ramani kuonyesha meli ilipo. Akakabidhi, akashuka kunywa chai. Kanuni inamtaka anayeingia apime upya, lakini mvua ilishuka ghafla, mnara ukafichika, na Mchanga akaanzia pale pale mwenzake alipoweka alama. Dakika ishirini na tano baadaye meli ilipanda fungu la mchanga. Haikupasuka, ilijinasua maji yalipojaa, ila jikoni sufuria ya maji ya moto ilimwagikia mpishi, na mkono wake haukurudi kama ulivyokuwa.

Mchanga hakusubiri hata kuulizwa. "Kosa ni langu, afande," alisema. Mkufunzi wa zamu, ambaye naye alikuwa chini kwenye meza ya chai badala ya kuwa juu, hakutaka maswali yawe mengi. Adhabu ikatolewa, jina likabandikwa, mambo yakaisha.

Hayakuisha kwa Rula. Jioni ile alifungua daftari lake la hesabu akaona. Dira ya meli ile ilikuwa na hitilafu ya nyuzi nne, za kutoa. Yeye alikuwa ameziongeza. Alama aliyoikabidhi ilionyesha meli iko mbali na fungu kwa karibu nusu maili zaidi ya ilivyokuwa kweli. Alilifunga daftari akangoja aitwe. Angeitwa angesema, hilo aliliapia moyoni mwake. Hakuitwa. Siku ikawa wiki, wiki ikawa muhula, na kila siku iliyopita iliongeza urefu wa maneno ambayo ingembidi aseme. Tusimwite mwongo basi. Hakusema uongo hata siku moja. Alikaa kimya tu, akafanya kila jema jingine aliloliweza, kama mtu anayefagia nyumba nzima ili asiingie chumba kimoja.

Na jema kubwa kuliko yote lilikuwa hili: tangu siku ile Mchanga hakuiamini tena hesabu yake. Alikuwa akiifanya mara tatu, kisha anamletea Rula, na Rula hakuchoka kumkagulia. Hata Jumatatu ile ile, karatasi ikiwa bado mkononi mwa Rula, mlango ulifunguliwa.

"Kaka, niangalizie hii. Ya mazoezi tu, lakini niangalizie."

Rula aliiangalia. "Iko sawa."

"Una hakika?"

"Iko sawa, bwana."

Mchanga alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Sijui ningefanyaje bila wewe. Ndiyo maana nimeomba ghala. Huko baharini hutakuwepo."

"Ghala," alisema Rula. "Wewe, ghalani? Utahesabu mablanketi?"

"Blanketi ukilihesabu vibaya halimuunguzi mtu mkono."

Maombi ya vituo yalikuwa yakifungwa Alhamisi saa sita mchana. Rula alijiambia kwamba muda bado upo. Jumanne akaandika nusu ukurasa wa Mchanga, na akauandika vizuri kupita zote: ukarimu wake, nyimbo zake za bafuni, jinsi alivyomfundisha Redio kuogelea kwa kumwahidi kwamba maji hayapendi watu wanaozungumza. Hakuugusa mchanga wala fungu. Alidhani uzuri wa maneno ungelipa sehemu ya deni. Jumatano akampa mwenyewe asome.

Mchanga alisoma akiwa amesimama, akacheka, akafuta jicho. "Mama ataukariri huu. Halafu jana kanipigia, kasema nikwambie asante." Mama yake alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mwanamke ambaye miaka yote hiyo alimjua Rula kwa simu, kwa picha na kwa sweta moja alilomfumia. "Kasema: mwambie mwanangu yule mwingine, Mungu amzidishie, bila yeye wangekufukuza."

Rula aliketi. Kuna maneno mtu huyabeba miaka miwili halafu yakatoka kwa sentensi tatu.

"Alama niliyokukabidhi siku ile ilikuwa na kosa. Niliongeza nyuzi nne badala ya kutoa. Nimelijua tangu jioni ile."

Mchanga aliendelea kutabasamu kidogo, kwa kuwa uso haujaambiwa bado. "Siku ipi?"

"Unaijua siku ipi."

Bombani mtu alikuwa anafua na kupiga mluzi. Mchanga aliiweka karatasi juu ya meza, akailinganisha na ukingo, kazi ambayo kwa kawaida ilikuwa ya Rula. "Unasema hivi ili nisiende ghalani," alisema. "Unanihurumia."

"Sikuhurumii. Nakwambia."

"Nataka kuiona."

Ramani ya meli iliyokwama haifutwi penseli zake; huwekwa kama ilivyo. Ndiyo kanuni, na kwenye chumba cha ramani kanuni zilikuwa mikononi mwa mtunza ramani, mama mmoja wa makamo ambaye makadeti wote walimwita Shangazi na ambaye hakumruhusu mtu aingie na kalamu ya wino. Alhamisi saa tatu asubuhi walikuwa mlangoni kwake.

"Hiyo?" aliuliza Shangazi. "Miaka miwili nimeilinda na hakuna aliyekuja kuitazama. Nilianza kudhani mnaiogopa."

Akaitandaza. Alama ya Rula ilikuwapo, safi, ndogo, na saa imeandikwa pembeni kwa ule mwandiko wake wa kuchapa. Mchanga alivuta kiti. Alichukua rula na penseli na karatasi nyembamba ya kunakilia, akaitandaza juu ya ramani, akapima upya kutoka mnarani, safari hii akitoa nyuzi nne. Kisha kutoka pale, mahali meli ilipokuwa kweli, akaendeleza hesabu yake mwenyewe ya asubuhi ile, iliyokuwa bado kwenye ramani, mwendo kwa dakika, bila kubadili tarakimu hata moja. Mstari wake ulitembea juu ya karatasi ukaishia katikati ya fungu, pale pale meli ilipokwama. Hesabu yake haikuwa na kosa. Aliifanya mara ya pili. Mara ya tatu hakuifanya. Shangazi aliona mikono ya kijana ikitulia, akatafuta kazi kwenye rafu za mbali.

"Zile hesabu nilizokuwa nakuletea," alisema Mchanga bila kuinua macho. "Ulikuwa unaziangalia kweli?"

"Zote."

"Kuna niliyokosea?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja. Miaka miwili."

Mchanga alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa na haki ya kupiga kelele, na Rula angeshukuru kama angepigiwa. Lakini alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. "Ulikuwa unaniambia hesabu ziko sawa. Hukuwahi kuniambia kwamba mimi niko sawa. Na ulikuwa unalijua hilo kila nilipogonga mlango." Akainuka. Pale mlangoni alikunja uso, machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. "Mimi naenda kubadilisha fomu yangu. Wewe unajua pa kwenda."

Rula alijua. Mkuu wa chuo alimsikiliza amesimama, na daftari lile la zamani likiwa wazi mezani. Hakumkatiza. Alipomaliza, mkuu alivua miwani.

"Kosa la hesabu ningekusamehe siku ile ile," alisema. "Kadeti asiyekosea hesabu hajazaliwa. Ungekuja jioni ile na daftari hili, leo upanga ungekuwa wako na mimi ningekupa kwa mikono miwili. Nani amekulazimisha uje sasa?"

"Hakuna, afande."

"Hilo nitaliandika pia."

Hukumu ilitoka kabla ya saa sita. Upanga ulikwenda kwa Kasia, ambaye alipoambiwa sababu hakufurahi hata kidogo. Rula asingehitimu Jumamosi. Angebaki miezi sita, arudie mafunzo ya zamu baharini chini ya wakufunzi wawili, kisha baraza liamue. Alimpigia mjomba wake akamweleza yote, bila kuruka.

"Nitakuja hivyo hivyo," alisema mjomba. "Nguo nimeshainyoosha."

Siku mbili walikaa chumba kimoja, Mchanga akizungumza naye ya lazima tu: ufunguo, maji, zamu ya kufagia. Mchanga hakuimba bafuni. Redio alijaribu kuwapatanisha kwa mzaha, akatazamwa na wote wawili, akakumbuka ana nguo za kufua. Ikafika siku ya kitabu kwenda kuchapwa. Ule ukurasa mzuri Rula aliuchana, akaweka mistari michache iliyoeleza jinsi jina lilivyopatikana na kwamba halikumstahili aliyelibeba. Mchanga alisoma, akamrudishia. "Sawa," alisema, na hilo ndilo neno pekee alilolisema juu yake.

Jumamosi jua liliwaka mapema. Familia zilijaa viti gatini, na wahitimu, weupe kuanzia kofia hadi viatu, walikuwa wamejipanga tayari kuandamana hadi melini. Rula alivaa sare ya kila siku ya bluu pamoja na makadeti wa chini waliopangwa kusogeza viti na kuwaonyesha wageni pa kukaa. Wazazi wengine walimwomba maji. Aliwaletea.

Ndipo mama mmoja mfupi, mwenye mkoba mkubwa na viatu vya kutembelea wodini, alipomshika mkono. Alimjua kwa picha.

"Wewe ndiye," alisema, na kumkumbatia kabla hajajibu. "Mwanangu. Nimekutafuta safu nzima ya weupe sikukuona. Mbona uko huku? Mbona hukuvaa?"

Mchanga hakuwa amemwambia. Rula aliinua macho. Kule kwenye safu Mchanga alikuwa akitazama mbele kama inavyotakiwa, kidevu juu. Alikuwa amemwachia mwenyewe aseme, na Rula akaelewa kwamba kumwambia mkuu wa chuo kulikuwa rahisi.

"Mama, ile meli kukwama lilikuwa kosa langu. Mimi ndiye niliyetoka zamu, nikamkabidhi alama isiyo sahihi. Nilijua, nikanyamaza. Mwanao hakukosea kitu. Usinishukuru."

Mama hakumwachia mkono. Aliushika tu, bila kuubana wala kuulegeza, akamkagua usoni kama anavyokagua watoto wa watu kila siku.

"Miaka miwili amekuwa akinipigia usiku kuniuliza kama mtu mjinga anaweza kufanya kazi ya maana," alisema. "Miaka miwili, baba."

"Ndiyo, mama."

"Sisi wodini, anayetoka zamu husema kila kitu. Hata asipoulizwa. Hata akiona aibu. Kwa sababu mtoto yuko kitandani, na anayeingia hajui."

Ngoma ya gwaride ikapigwa. Safu nyeupe ikageuka kwa pamoja na kuanza kushuka kuelekea melini, Kasia mbele na upanga, na nyuma yake kidogo kijana mrefu anayekwenda baharini.

Mama aliuachia mkono wa Rula, akajinyoosha kwa vidole vya miguu.

"Mazungumzo yetu hayajaisha, mwanangu," alisema. "Sasa sogea kidogo. Umesimama mbele yangu, simwoni mtoto."

Rula akasogea.